Nani ajuaye kilichomo katika ghala la jirani?

Msomaji, ukipita katika Eneo la Viwandani jijini Nairobi, au kule Changamwe mjini Mombasa, utaona kuta ndefu zilizopandwa vipande vya chupa juu yake, malango ya chuma, na mlinzi ameketi katika kibanda chake akisikiliza redio. Huenda umepita hapo kila siku kwa miaka kumi ukielekea kazini. Je, umewahi kujiuliza ni kitu gani kilichomo ndani? Na je, yule mlinzi anajua?

Wengi hudhani swali hilo ni la polisi, au la mwenye mali anayeogopa wezi. Mimi nasema ni swali la daktari pia. Ukurasa huu umezoea kukueleza habari za shinikizo la damu, malaria na ugonjwa wa sukari, maradhi ambayo unaweza kuyajia kliniki mapema ukatibiwa. Lakini yapo madhara ambayo yakishatokea sisi matabibu huwa tumechelewa tayari. Kinga yake haimo hospitalini. Imo katika sheria, katika kufuli la ghala, na katika karatasi inayoeleza ni kemikali gani imewekwa hapo na ni kiasi gani.

Nchi iliyojaribu kulitungia jambo hili kanuni pana za ulinzi ni Marekani. Ilifaulu kwa mengi na ikajikwaa kwa mengine, na yote mawili yana mafunzo kwetu. Klorini inayotumika kusafishia maji kule Texas ndiyo hiyo hiyo inayotumika hapa, na pafu la binadamu ni lile lile.

Mbolea iliyogeuka bomu

Tarehe 19 Aprili 1995, lori lililojazwa nitrati ya amonia liliegeshwa mbele ya jengo la serikali katika mji wa Oklahoma City na kulipuka. Watu 168 walikufa, 19 kati yao wakiwa watoto. Nitrati ya amonia ni mbolea. Waliopanga uovu huo waliinunua kwa magunia katika duka la ushirika wa wakulima, kama vile wewe unavyoweza kuingia dukani na kununua mbolea ya kunyunyizia mahindi. Hakuna sheria iliyomtaka muuzaji awaulize zaidi. (Mkulima anayesoma haya asishtuke. Ile CAN tunayotumia hapa kwetu imechanganywa na chokaa, na ni vigumu zaidi kulipuka kuliko nitrati tupu.)

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani walianza kuvitazama viwanda vyao kwa jicho jingine. Waliogopa mambo matatu. Kwanza, mtu anaweza kupasua tangi la gesi yenye sumu ili upepo uipeleke kwenye makazi ya watu. Pili, mtu anaweza kuiba kemikali, au kujifanya mteja akainunua, kisha akaitengenezea silaha kwingine. Tatu, mtu anaweza kuitia kemikali kitu kingine ili idhuru itakapokuwa safarini. Hofu hizo hazikuwa ndoto za mchana. Mapema mwaka 2007 nchini Iraki, mitungi ya klorini ilipakiwa kwenye malori pamoja na baruti na kulipuliwa, na mamia ya watu wakavuta gesi hiyo.

Mnamo Oktoba 2006 Bunge la Marekani liliipa Wizara ya Usalama wa Ndani mamlaka ya kusimamia ulinzi wa viwanda vyenye kemikali hatari. Aprili 2007 kanuni zenyewe zikatangazwa, nazo zikajulikana kwa kifupi kama CFATS. Novemba mwaka huo ikatoka orodha ya kemikali zaidi ya 300, na mbele ya kila moja pakaandikwa kiasi ambacho kikifikiwa, mwenye kiwanda hana budi kujitokeza.

Utaratibu wake haukuwa mgumu kuuelewa. Ukiwa na kemikali iliyo kwenye orodha kwa kiasi kilichotajwa, ulipewa siku 60 kuiarifu wizara una nini, kiasi gani, na umeihifadhi vipi. Wizara ilipima hatari, na kiwanda kilichoonekana cha hatari kubwa kiliwekwa katika mojawapo ya madaraja manne, la kwanza likiwa ndilo la hatari zaidi. Hapo kiwanda kilitakiwa kuandika mpango wa ulinzi kwa kufuata vigezo 18. Baadhi yake ni vile ambavyo wewe na mimi tungevifikiria: ua, lango, taa, na kujua nani anaingia na nani anatoka. Vingine ni vya hekima zaidi, kama kulinda kompyuta zinazoendesha mitambo, kuhesabu shehena kila mara ili upungufu uonekane upesi, kumchunguza mteja mgeni kabla ya kumuuzia, na kufanya mazoezi ya dharura pamoja na wazimamoto wa mtaa. Majina ya wafanyakazi wenye ruhusa ya kufika kwenye kemikali yalilinganishwa na orodha ya serikali ya watu wanaoshukiwa kwa ugaidi.

Jambo moja lilinivutia nilipozisoma kanuni hizi. Bunge liliikataza wizara kukikatalia kiwanda mpango wake eti kwa sababu hakina kifaa fulani. Wizara haikuweza kusema, "Jengeni ukuta wa futi kumi." Iliweza tu kusema, "Onyesheni kwamba mwizi hatapita," kisha kiwanda kikachagua njia yake. Wapo waliolalamika kwamba huo ulikuwa ulegevu. Mimi siwaungi mkono. Wagonjwa wawili wenye shinikizo moja la damu hawapewi dawa moja kila mara. Ninachotaka ni shinikizo lishuke.

Kulikuwa pia na faida ambayo daktari yeyote angeifurahia. Viwanda vingi vilipoona gharama ya kulinda kemikali fulani, viliamua kutokuwa nayo kabisa, au kuweka kiasi kidogo. Mfano mzuri ulikuwa umetangulia hata kanuni zenyewe. Mtambo wa Blue Plains, unaosafisha maji taka ya jiji la Washington, ulikuwa ukitumia klorini ya gesi inayofika katika mabehewa ya gari moshi. Wiki chache baada ya Septemba 11, 2001, wakuu wake waliiacha gesi hiyo na kuhamia haipokloriti ya sodiamu, yaani dawa ya majimaji iliyo ndugu ya ile ya kufanyia nguo nyeupe ziwe nyeupe. Gesi isiyokuwapo haiwezi kuibwa, wala haiwezi kumfikia mtoto aliyelala.

Ajabu ni kwamba kanuni za CFATS zenyewe ziliiacha nje mitambo ya kusafishia maji safi na maji taka. Sheria iliisamehe kwa kuwa ilikuwa chini ya idara nyingine, na bandari vilevile. Hivyo basi mahali ambapo klorini hupatikana kwa wingi karibu na watu, mkono wa wizara haukufika.

Kilichotokea West

Sasa nikupeleke kwenye mji mdogo uitwao West, katika jimbo la Texas. Hapo palikuwa na kampuni iliyouza mbolea kwa wakulima wa jirani, na ndani ya jengo lake la mbao ilihifadhi nitrati ya amonia. Jioni ya tarehe 17 Aprili 2013, saa moja na nusu hivi, moto ulionekana. Wazimamoto wa kujitolea wa mji huo walifika haraka, kama ilivyo desturi ya watu wa mji mdogo. Dakika 20 hivi baadaye, ghala lote lililipuka. Tani zipatazo 30 za mbolea ziligeuka kuwa bomu.

Watu 15 walikufa. Kati yao 12 walikuwa wale waliokwenda kuzima moto na kusaidia. Zaidi ya 260 walijeruhiwa. Umbali wa kama mita 200 kutoka ghala hilo palikuwa na makao ya wazee, na karibu yake nyumba za kupanga na shule. Mshukuru Mungu kwamba ilikuwa jioni na watoto walikuwa wameshakwenda nyumbani, maana shule ya karibu iliharibiwa vibaya.

Je, serikali ilijua? Hapa ndipo panaponiudhi. Kampuni hiyo ilikuwa imeiarifu idara ya jimbo kwamba ilikuwa na tani 270 za nitrati ya amonia. Lakini Wizara ya Usalama wa Ndani, ambayo ilitaka kuarifiwa mtu akiwa na ratili 2,000 tu za mbolea hiyo, haikuwa na habari. Kampuni haikujaza ile fomu. Idara moja ilikuwa na karatasi, nyingine ilikuwa na mamlaka, na hazikuwa zimekutanisha vitabu vyao. Na wale wazimamoto waliokimbilia ndani ya moshi hawakuwa wamefundishwa vya kutosha kwamba mbolea ile, ikipashwa moto mahali palipobana, hulipuka.

Miaka mitatu baadaye, mnamo Mei 2016, wachunguzi wa serikali kuu walitangaza kwamba moto huo uliwashwa makusudi, ingawa wapo waliolipinga hitimisho hilo. Ikiwa walisema kweli, basi ulinzi wa ghala ungeokoa maisha. Ikiwa walikosea na ulikuwa moto wa kawaida, orodha iliyofika mikononi mwa wazimamoto ingeokoa maisha yale yale. Kwa daktari anayengoja majeruhi, tofauti ya hayo mawili ni ndogo.

Nieleze kidogo majeraha yenyewe. Mlipuko mkubwa hupeleka wimbi la hewa linalopasua viwambo vya masikio na kuuchana utando wa mapafu, na mtu anaweza kutembea na kuzungumza huku mapafu yake yanavuja damu. Lakini wengi wanaoletwa hospitalini huwa wamekatwa na vioo. Hilo sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa. Agosti 7, 1998 nilikuwa bado mwanafunzi, na hata sisi tuliokuwa mbali na jiji tulisikia jinsi watu walivyosikia mlio wa kwanza karibu na ubalozi wa Marekani, wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini, na mlipuko mkubwa ukawakuta hapo nyuso zikiwa kwenye vioo. Watu 213 walikufa, na wengi waliosalia walipoteza macho. Kule Beirut, Agosti 4, 2020, watu walisimama barazani wakiupiga picha moto wa bandarini, wasijue kwamba ghala lile lilikuwa na tani 2,750 za nitrati ya amonia ambazo zilikuwa zimewekwa hapo kwa miaka sita. Zaidi ya 200 walikufa.

Kwa hiyo, msomaji, ukisahau mengine yote katika makala haya, shika hili: ukiona moto katika ghala au kiwanda, usiende dirishani.

Siri inayomficha nani?

Kuna mvutano mmoja katika jambo hili ambao haujapata suluhisho kamili popote. Afisa wa usalama hupenda orodha ya kemikali ifungiwe kabatini, maana ikionekana na mtu mbaya itakuwa ramani yake. Daktari na mzimamoto wanataka orodha hiyo hiyo iwe wazi. Katika kanuni za CFATS, habari za udhaifu wa kiwanda zilipigwa muhuri wa siri, na asiyepewa idhini hakuruhusiwa kuziona. Baada ya West, sheria mpya ya mwaka 2014 iliitaka wizara ihakikishe kwamba habari zinazohitajika zinawafikia wale wanaofika kwanza penye ajali.

Kwa nini mimi nang'ang'ania jina la kemikali? Kwa sababu matibabu hufuata jina. Mtu aliyevuta dawa ya wadudu ya kundi la ogano-fosfeti hutoka mate na jasho, mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, na dawa yake ni atropini, tena kwa wingi. Aliyemwagikiwa asidi ya hidrofloriki anahitaji kalisiamu upesi, maana asidi hiyo hupenya ngozi na kunyonya kalisiamu ya mwili hadi moyo ukasimama, hata kama kidonda ni kidogo. Mwenye sumu ya sayanaidi ana dawa yake mbali. Aliyevuta klorini hana kiuasumu chochote. Yeye hupewa oksijeni, dawa za kufungua mirija ya hewa, na uangalizi wa saa nyingi. Ukimletea daktari mgonjwa na kumwambia "amevuta gesi ya kiwandani", umemwambia kidogo mno.

Mji wa Bhopal nchini India ulilipia jambo hili kwa maisha ya watu. Usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, tani zipatazo 40 za gesi iitwayo methili isosianati zilivuja kutoka kiwanda cha dawa za wadudu. Kampuni yenyewe ilidai baadaye kwamba ilikuwa hujuma ya mfanyakazi. Wachunguzi wengine walisema ni uzembe na mitambo mibovu. Hospitali zilifurika watu waliopofuka na kukosa pumzi, na madaktari wenzangu hawakuwa na maelezo kamili ya gesi waliyokuwa wakipambana nayo. Mabishano kuhusu kama wagonjwa wachomwe sodiamu thayosalfeti au wasichomwe yaliendelea kwa muda mrefu huku wagonjwa wakingoja. Maelfu walikufa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1986, ndipo Marekani ilipotunga sheria ya kuwapa wakaazi haki ya kujua kemikali zilizo jirani yao.

Nami nimeliona tatizo hilo kwa kiasi kidogo katika kliniki yangu. Asubuhi moja aliletwa mzee mmoja, mlinzi wa usiku, macho mekundu yanatiririka, anakohoa hadi anashika ukuta.

"Mzee, unalinda wapi?" nikamwuliza.

"Kwenye stoo, daktari. Kuna mitungi."

"Mitungi ya nini?"

"Hiyo sijui. Niliuliza siku ya kwanza nikaambiwa kazi yangu ni lango."

Nilimpigia mwajiri wake simu mara tatu, na kila mara nikaambiwa mkubwa hayupo. Ikabidi niende kwa harufu. Mzee alisema ilikuwa kama ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, lakini kali ya kuchoma koo, na alipoinama kuokota tochi yake ikazidi. Klorini ni nzito kuliko hewa, hulala chini. Nilimtibu kama mtu wa klorini, nikampeleka hospitali kubwa akalazwa, na alipona. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu mtu huyu alikuwa ndiye ulinzi wote wa ghala lile. Alikuwa na rungu, tochi na koti zito. Hakuambiwa analinda nini, na kwa hiyo hakujua hata aukimbie upepo wa upande gani.

Kanuni zilizoachwa zife

Nisikudanganye kwamba mpango wa Wamarekani ulikwenda kama saa. Miaka ya mwanzo ulisota vibaya. Mipango ya ulinzi ililundikana mezani, na ilikuwa hadi mwaka 2012, miaka mitano tangu kanuni zitangazwe, ndipo ya kwanza ilipoidhinishwa kikamilifu. Wabunge walifoka, wakaguzi wakaandika ripoti. Baadaye kazi ikachangamka, na kufikia mwaka 2023 viwanda vipatavyo 3,200 vilikuwa chini ya usimamizi huo.

Kasoro kubwa ilikuwa kwamba mamlaka yenyewe yalitolewa kwa muda, yakawa yanaongezwa kila yanapokaribia kwisha. Julai 2023 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 409 kwa 1 kuyaongeza tena. Katika Seneti, pingamizi la mjumbe mmoja lilitosha kuzuia mswada kupita upesi, na tarehe 28 Julai 2023 muda ukaisha. Tangu siku hiyo wizara haikuwa tena na nguvu za kulazimisha kiwanda kiseme kina nini, wala kutuma wakaguzi, wala kulinganisha majina ya wafanyakazi wapya na orodha ya washukiwa. Mwaka 2024 nao ukapita bila mamlaka hayo kurudishwa. Sheria za usalama kazini na za mazingira ziliendelea, na viwanda vingi viliendelea kujilinda kwa hiari, lakini hiari ni kitu cha kutegemea siku biashara inapokwenda vizuri. Sina sababu ya kufikiri kwamba ile kampuni ya West, ambayo haikujaza fomu ilipolazimika, ingejaza kwa hiari.

Utaniuliza, na hapa kwetu je? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kemikali za hatari ziwe na vibandiko na karatasi za maelezo, na inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi hatari iliyopo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Karatasi tunazo. Lakini kumbuka Embakasi. Usiku wa Februari 1, 2024, kituo cha kujazia gesi kililipuka katikati ya makazi ya watu, wengine wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya kusimamia kawi, EPRA, ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo mahali hapo mara tatu katika mwaka 2023, kwa kuwa watu walikuwa wengi mno karibu. Mkono mmoja wa serikali ulikuwa umesema hapana, na gesi ikaendelea kujazwa. Ni kisa cha West kwa lugha ya nyumbani, ijapokuwa gesi ya kupikia si mbolea.

Ufanye nini wewe?

Kama wewe ni mlinzi, karani wa stoo, dereva wa lori au mfagizi katika mahali penye kemikali, omba kuonyeshwa karatasi ya maelezo ya kila kilichomo. Huna haja ya kuelewa yote yaliyoandikwa. Nakili jina la kemikali kwenye kipande cha karatasi, au lipige picha kwa simu yako, mwachie mkeo au mumeo nakala. Siku ukiletwa hospitalini huwezi kusema, kipande hicho kitasema kwa niaba yako. Nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto.

Kama wewe ni mkaazi tu, chama chenu cha mtaa kinaweza kwenda kwa chifu au ofisi ya kaunti kuuliza ghala la jirani lina kibali cha nini. Ukiona mitungi inapakuliwa usiku wa manane katika ua ambao jana ulikuwa gereji, piga ripoti. Huo si umbeya.

Ukinusa harufu kali ya ghafla na macho yakaanza kuwasha, ondoka kwa kukata upepo upande, usitimue mbio ukiufuata, maana gesi nayo inakwenda huko huko. Ikiwa harufu ni ya klorini, panda mahali pa juu. Usijifiche kwenye mtaro wala chumba cha chini ya ardhi. Ukishindwa kutoka, ingia ndani, funga milango na madirisha, zima feni, ziba nyufa kwa nguo zenye maji. Piga 999 au 112. Ukifika kwenye hewa safi, vua nguo za juu, osha macho kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kupunguza, na uoge kwa sabuni. Maziwa yanayosifiwa mitaani hayafiki kwenye mapafu, kwa hiyo usipoteze wakati kuyatafuta. Usimrudie mwenzako aliyeanguka ndani ya gesi bila kifaa cha kupumulia; nimeona mtu mmoja akawa wagonjwa watatu kwa njia hiyo.

Na usifikiri kwamba klorini iko viwandani tu. Kila mwaka hutujia akina mama, na siku hizi vijana wa kiume pia, waliochanganya dawa ya kufanya nguo ziwe nyeupe na asidi ya kusafishia choo ili uchafu utoke upesi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ile ile ya klorini, tena katika chumba kidogo kisicho na dirisha. Tumia moja, suuza, ndipo utumie nyingine siku nyingine.

La mwisho ni kwa wale waliovuta gesi wakajiona wamepata nafuu. Mapafu yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati mwingine hadi siku ya pili, na mtu aliyerudi nyumbani akacheka na jamaa zake jioni akaamka usiku hawezi kupumua. Kwa hiyo usilale peke yako usiku huo, usivute sigara, wala usifanye kazi nzito. Ukianza kuhema kwa shida, kifua kikabana, ukakohoa povu jeupe au la rangi ya waridi, au midomo ikageuka rangi, nenda hospitali mara moja hata kama ni saa nane za usiku. Wenye pumu, wajawazito, wazee na watoto wasingoje dalili hizo. Wao waonwe na daktari siku hiyo hiyo.